Tausi na Amri ya Nyayo

Jumanne, 9 Mei

Kliniki ya watoto. Mizani imegoma tena, nikaipiga kofi, ikakubali. Mvua, matope mpaka ndani. Mama mmoja kaja bila kadi, mwingine kaja na kadi ya mtoto wa jirani. Nimewafokea wote wawili, halafu nikawahudumia.

Nje wanaume wamesimama makundi makundi tangu asubuhi. Habari ni ile ile ya ng'ombe. Alhamisi iliyopita wameibwa kijiji cha nyuma ya kilima. Wenyewe wakapiga yowe, wakafuata nyayo, nyayo zikawaleta mpaka kwenye josho letu. Hapo zikaishia. Alhamisi ndiyo siku yetu ya kuogesha mifugo, ng'ombe wa kijiji kizima walipita pale. Utatambua kwato ipi na ipi?

Kwa hawa Wakurya utaratibu unajulikana. Nyayo zikiingia kwenu, mnazipokea, mnazifuata, mnaonyesha zilikotokea kwenda kwingine. Mkishindwa kuzitoa, mnalipa ninyi. Mimi nilikuja huku kutoka Kondoa na begi moja na cheti cha uuguzi, nikaolewa huku, nikafiwa na mume huku, na jambo hilo mpaka leo halijaniingia akilini.

Kesho anakuja mkuu wa wilaya. Mama mkwe anasema mkuu haji bure.


Jumatano, 10 Mei

Naikandamiza kalamu. Kwa hasira, si kwa kingine.

Mkuu kaja na magari, askari na mgambo. Mkutano uwanja wa shule. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Matiko, kasimama kifua mbele kueleza habari ya josho: nyayo zimevurugika, hatuna la kuulizwa. Wanaume wakampigia makofi. Mkuu kamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa karatasi akasoma. Ipo sheria ya zamani, ya tangu mkoloni, inampa mamlaka ya kuadhibu kijiji kizima kinachoficha wezi. Kila kaya yenye ng'ombe itoe mmoja. Leo leo. Watapewa walioibiwa.

Hakuna kesi. Hakuna kuuliza nani alikuwa wapi. Mimi Alhamisi hiyo nilikuwa nazalisha, kutwa nzima. Nikanyoosha mkono kusema hivyo. Nikaambiwa nesi kaa chini.

Nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma.

Wenye ng'ombe wengi wametoa waliokonda. Mimi ninaye mmoja. Tausi. Ni mjukuu wa yule ndama niliyepewa na mama mkwe nilipomzaa binti yangu Ghati. Sijawahi kuwa na mfugo mwingine zaidi ya uzao huo. Tena ana mimba. Mgambo wamemfungua kamba mimi nimesimama pale pale na gauni langu la kazi. Hakugoma. Alidhani anapelekwa kunywa maji.


Alhamisi, 11 Mei

Chai ya rangi. Nimeamka, nikachukua ndoo, nikaenda mpaka zizini. Mjinga mimi.


Jumatatu, 15 Mei

Ofisi ya wilaya. Benchi, kutwa. Mwishowe karani kaniambia amri ya mkuu hairudi nyuma. Nikamwuliza imeandikwa wapi kwamba mimi nimeiba. Kacheka. Nikamwambia acheke vizuri, maana meno anayo. Nikaondoka kabla sijasema lingine.

Nimempigia Ghati, yuko Musoma anafundisha sekondari. Anasema kuna ofisi ya msaada wa sheria, kuna wakili mwanamke, mkali. Niende Jumamosi. Nimemweleza Mzee Matiko. Na yeye anataka kuja, na wanaume kadhaa. Kijiji kizima kishtaki, ndiyo hoja yao.


Jumamosi, 20 Mei

Musoma. Wakili anaitwa Teddy. Mdogo, ningeweza kumzaa. Ananiita mama nesi.

Wanaume wameongea sana. Josho, nyayo, heshima ya kijiji. Wakili Teddy kaandika yote, kisha akawaambia kijiji hakijanyang'anywa ng'ombe. Aliyenyang'anywa ni mtu. Sheria ya sasa inataka anayeleta shauri la kikatiba aape kwamba yeye mwenyewe ameguswa. Kila mtu ataje jina lake, aweke sahihi yake. Chumba kikapoa. Wakasema watafikiri.

Mimi nilibaki. Kanisomea Katiba. Ibara ya 13, mtu asikilizwe kabla ya kuadhibiwa, na asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Ibara ya 24, mali ya mtu isichukuliwe hivi hivi. Inazungumza kabisa. Nilidhani ni kitabu cha wabunge. Nikamwambia sawa, lakini andika pia kwamba sisi si wezi. Kaandika.

Nimelala kwa Ghati. Wakili kaniahidi nakala yangu ya Katiba.


Jumatano, 7 Juni

Nimeapa leo mbele ya kamishna wa viapo. Nimeapa kwamba Tausi ni wangu, kwamba sikuulizwa, sikusikilizwa. Na kwamba kwa kadiri nijuavyo hakuna mtu wa nyumba yangu wala wa kijiji changu aliyehusika na wizi.

Niko peke yangu. Wanaume wameyeyuka mmoja mmoja. Wa kwanza kijana wake anaomba kazi ya polisi. Wa pili mkewe kamkataza, na huyo mke namjua, hajawahi kumkataza hata pombe. Mzee Matiko anasema mwenyekiti hawezi kushtaki serikali wakati yeye mwenyewe ni serikali. Hawa ndio wanaotamba kwamba Mkurya haogopi kitu! Thubutu. Karatasi moja tu imewakimbiza.

Sahihi yangu imetoka mbaya. Lakini imetoka.


Jumatatu, 19 Juni

Mganga mkuu wa wilaya kanipigia. Sauti ya upole, hiyo ndiyo mbaya. Anasema kuna upungufu wa wauguzi upande wa pili wa wilaya, huenda nikahitajika huko. Nikamwambia anipe barua, nitaisoma. Akauliza hali ya chanjo. Nikampa hali ya chanjo.

Barua haijaja. Naogopa, nisijidanganye. Nikihamishwa sasa, kila nitakapoitwa mahakamani nitaambiwa zahanati haina mtu.


Alhamisi, 20 Julai

Tumevuka!

Mawakili wa Serikali walileta mapingamizi, mengi mpaka nikachoka kusikiliza. Kwamba nilipaswa kulalamika kwanza kwa waziri. Kwamba kiapo changu kina kasoro. Kwamba ng'ombe mmoja si jambo la kikatiba. Hapo jaji alinyanyua kichwa. Kayatupa yote. Shauri litasikilizwa na majaji watatu.

Nimepiga kigelegele kwenye korido, askari wa mahakama kanikemea. Wakili Teddy kaniambia nihifadhi vingine, safari bado.

Kijijini habari ilishafika kabla yangu. Juzi ilikuwa kesi ya nesi, leo ni kesi yetu. Mzee Matiko kanipa mkono hadharani. Shemeji yangu Mwita, mdogo wa mwisho wa marehemu, kanibebea begi mpaka nyumbani. Mwita ndiye msimamizi wa josho, kwa hiyo hii kesi inamgusa, nikasema moyoni. Kijana ana adabu.


Jumapili, 30 Julai

Ningetamani nisiandike hili.

Wifi Nyangi kapiga simu. Ni dada wa marehemu, kaolewa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kwa jirani yake mfanyabiashara kaona ng'ombe wawili wenye masikio yaliyochanjwa alama ya ule ukoo wa nyuma ya kilima. Kauliza walikotoka. Kaambiwa waliletwa mwezi wa tano, na aliyeleta kaelezwa mpaka kovu lake la shavuni.

Mwita.

Kanisisitizia kwa Kiswahili chao cha huko: "Wifi, si story. Nimeenda nikamwuliza huyo jamaa uso kwa uso, na jina amenipatia." Analia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu akilini. Josho liko chini ya Mwita. Alhamisi ile yeye ndiye aliyepanga zamu za kuogesha, yeye ndiye aliyeita kijiji kizima waje kwa pamoja. Aliwapitisha wa wizi kwanza, sisi tukamfutia nyayo kwa miguu ya ng'ombe wetu wenyewe. Na Tausi alikuwemo.

Utetezi wote wa kijiji, ule uliopigiwa makofi, ni ujanja wa mwizi.


Jumatatu, 31 Julai

Nimemwuliza Mwita wakati anakula, mbele ya mama yake. Kanawa mikono taratibu. Hakukana. Kasema, shemeji, ilikuwa mara moja tu.

Mara moja! Anakula ugali wangu, analala kiwanja kimoja na mimi, kanibebea begi langu la mahakamani!

Mama mkwe kaniomba ninyamaze. Hakupiga kelele. Kasema mume wake amekwenda, mume wangu amekwenda, amebaki na huyu. Kesi naishinda hata hivyo, ya nini kufukua? Ng'ombe watarudi, kila mtu atapata wake, yatakwisha.

Ningekuwa sijaapa, pengine. Lakini nimeapa. Sasa najua, na nikikaa kimya mbele ya majaji nitakuwa mwongo. Nikisema, shauri limekufa. Mkuu atasema si niliwaambia. Tausi ndiyo basi, na kijiji hakitaniangalia tena usoni.

Namchukia Mwita. Naliandika wazi hapa kwa kuwa sina pa kulisema.


Jumanne, 1 Agosti

Kliniki. Nimechoma chanjo, mikono imetulia. Sikula.


Alhamisi, 3 Agosti

Musoma. Nimemwambia Wakili Teddy kila kitu bila kukaa. Kavua miwani, akaangalia ukuta. Kaniuliza kama polisi wanajua. Bado. Kasema nimpe mpaka Jumatatu.

Njiani kurudi nilishapoteza matumaini. Nilipita Turwa kwa rafiki yangu tuliyesoma naye uuguzi, akanipikia samaki, nikakaa kama mgeni wa msiba. Hakuniuliza, Mungu ambariki.


Jumatatu, 7 Agosti

Wakili Teddy kapiga mapema, kabla sijafungua dirisha la dawa. Anaongea haraka haraka.

Kasema tumekosea tangu mwanzo, yeye na mimi. Tumekuwa tukiwaambia majaji tuhurumieni kwa kuwa hatuna mwizi. Kana kwamba kijiji chenye mwizi kinaweza kuadhibiwa chote! Katiba haisemi hivyo. Inamlinda mtu, hata jirani yake akiwa mwizi, hata ndugu yake. Kama tungeshinda kwa hoja ya josho, mkuu mwingine angengoja nyayo zilizo wazi zaidi, akafanya yale yale. Sasa tuandike yote. Mwizi ni shemeji yangu. Tunakaa kiwanja kimoja. Sikujua, sikuiba. Halafu tuulize swali letu: nani kampa mtu mamlaka ya kumchukua Tausi?

Nilicheka mpaka mhudumu wa zahanati kaja kuchungulia. Sijui kama ni furaha au wazimu.

Lakini polisi kwanza, kasema. Na mimi najua.


Jumatano, 9 Agosti

Maelezo polisi. Kiapo cha nyongeza. Mwita kakamatwa hapo hapo joshoni, hakukimbia. Alipopitishwa mbele yangu kaniomba nimwangalizie mama.

Mama mkwe kahamishia chungu chake kwenye nyumba ya nyuma. Hasemi na mimi.


Jumapili, 13 Agosti

Nimeitwa kwenye ritongo, baraza lao la ukoo. Mwanamke hasemi huko isipokuwa kaulizwa, na mimi sikuulizwa. Niliambiwa. Nimekiuza kijiji. Nimempa mkuu fimbo mkononi. Nimemfunga mtoto wa nyumba iliyonipokea. Mzee Matiko ndiye aliyesema kwa uchungu zaidi, yule yule wa kunipa mkono. Wakaamua nisisalimiwe mpaka shauri liishe.

Nilitaka kuwaambia mengi. Miguu ilikuwa inaniuma, nikarudi nyumbani nikailoweka kwenye maji ya moto. Nilijisikia mgeni. Sijawahi kujisikia hivyo tangu mwaka ule wa kwanza.


Jumanne, 15 Agosti

Kliniki imejaa. Hawanisalimii, lakini chanjo wanataka. Wanaweka mtoto kwenye mizani kimya, wanatoa kadi kimya. Mmoja kasahau, akanipa shikamoo yake vizuri kabisa, kisha akajiziba mdomo. Tulitazamana. Tukacheka wote wawili, na foleni nzima ikafuatia.

Amri yao kwa wanawake imedumu siku mbili tu. Wanaume wamekaza.


Jumanne, 12 Septemba

Majaji watatu. Wa katikati mwanamke, wa kulia mzee mwenye mvi, wa kushoto anaandika bila kuinua kichwa. Nimevaa baibui langu jipya, Ghati kakaa kando yangu.

Wakili wa Serikali kaanza na lile nililokuwa naliogopa. Waheshimiwa, mwizi ametoka nyumbani kwa mleta maombi mwenyewe. Mkuu wa wilaya alikuwa sahihi. Kalisema mara ya pili, kwa mbwembwe. Nyuma yangu nilisikia watu wanashusha pumzi. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Jaji wa katikati kamwuliza: siku anatoa amri, mkuu alimjua huyo mwizi? Hapana. Alimtafuta? Alitafuta kijiji. Alimwuliza huyu mama lolote? Kumbukumbu hazionyeshi, mheshimiwa.

Kisha yule mzee mwenye mvi. Kasema jirani yake mtaani alikamatwa kwa wizi, mtu waliyekuwa wanasalimiana naye vizuri. Je, Serikali ije ichukue gari lake yeye jaji? Wakili kafungua chupa ya maji, akanywa. Watu wakacheka, hata karani. Kajibu kwamba mazingira ya mifugo ni tofauti, wizi huko umekithiri. Mzee kamwuliza Katiba ya huko ni ipi, na ya mjini ni ipi.

Mtume! Nilimpenda yule mzee.

Wakili Teddy hakuongea sana. Kasema wizi wa mifugo ni balaa, walioibiwa wanastahili haki yao, na ndiyo maana mwizi yuko mahabusu. Aliyemtaja polisi ni huyu mama. Utaratibu wa mkuu ulikamata ng'ombe wa watu na haukumkamata mwizi.

Hukumu tutaitiwa.


Ijumaa, 22 Septemba

Nimeota Tausi yuko kizimbani, anaulizwa jina na dini. Nimeamka nimechoka.


Jumamosi, 7 Oktoba

Hakuna habari. Tausi atakuwa ameshazaa sasa, kama yuko hai. Nimefagia zizi. Sijui kwa nini, hakuna kitu ndani.


Ijumaa, 20 Oktoba

Tumeshinda. Tumeshinda. Tumeshinda.

Nitaandika yote, hata nikikesha.

Wamesoma kwa Kiswahili, Mungu awalipe. Jaji wa katikati kasoma yeye, sauti ya kawaida tu kama anasoma matangazo ya shule. Mwanzoni sikuelewa tunakwenda wapi. Kaeleza wizi wa mifugo, kaeleza maumivu ya walioibiwa, nikasema basi, hapa wanatuaga. Ghati kanibana mkono.

Halafu akageuka. Mtu hubeba kosa lake mwenyewe. Hakuna mkuu, wa wilaya wala wa ngazi yoyote, mwenye mamlaka ya kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, iwe kwa undugu, kwa ujirani au kwa nyayo. Kifungu kile cha tangu mkoloni kinakwenda kinyume na Katiba, ni batili, hakipo. Amri ya mkuu ni batili tangu siku alipoisoma. Ng'ombe wote waliochukuliwa, si wa kwangu pekee, warudishwe kwa wenyewe pamoja na uzao wao.

Na kuhusu Mwita. Nimeliomba hilo fungu kwa Wakili Teddy, nalinakili: "Kwamba mwizi ni shemeji wa mleta maombi hakumwongezei mleta maombi hatia yoyote. Serikali ikishindwa kumpata mwizi, haipati ruhusa ya kumgeukia jirani yake."

Hapo ndipo nilipolia. Nilijua nitapiga kigelegele, nilikuwa nimekihifadhi tangu Julai, kumbe kilichotoka ni kilio. Ghati ndiye aliyepiga. Alipiga kwa niaba yangu na kwa niaba ya ukoo wake wote, mpaka yule mzee mwenye mvi akainamia karatasi zake kuficha kicheko.

Nje waandishi wa habari wamenizunguka na simu zao. Mama unajisikiaje? Nikawaambia najisikia njaa. Kweli nilikuwa na njaa. Tumekula wali kuku, Wakili Teddy kala sahani mbili, kisha kaniambia taratibu kwamba hukumu hii si ya kijiji chetu tu. Popote nchini mkuu akitaka kufanya vile, atasomewa jina langu. Jina langu! Mimi niliyeambiwa nesi kaa chini.


Jumamosi, 21 Oktoba

Redio ilishatangaza. Nilipokaribia kijijini niliwakuta wanawake barabarani na matawi. Wale wa foleni yangu ya kliniki, wote, watoto mgongoni. Wamenivua viatu wakanibeba. Mimi na unene huu! Nimepiga kelele waniteremshe, wamekataa.

Ritongo limekaa, safari hii wameniwekea kiti. Mzee Matiko kahutubia: sisi tulipofungua kesi hii, sisi tulipokuwa Musoma. Nimemwacha aseme. Kisha akakohoa, akageuka, akasema mbele ya watu wote kwamba siku ile alinisema vibaya, na kwamba alikuwa na hofu. Hilo sikulitarajia. Kwa mwanamume wa huku hilo ni kubwa, najua lilivyomgharimu.

Wakanipa nafasi ya kusema. Nilisimama. Nikawaambia mkuu hakubuni jambo hili peke yake. Alitukuta tunalo. Sisi wenyewe tumekuwa tukiwalipisha wenzetu kwa nyayo, vijiji vya jirani, miaka yote, na tukifurahia ng'ombe wakija upande wetu. Kama hukumu ni tamu leo, iwe tamu na siku nyayo zitakapotoka kwetu kwenda kwao. Wazee wamenung'unika. Kijana mmoja nyuma kasema, kweli mura, wanavyoitana wanaume wa huku. Wanawake wakapiga vigelegele, na nikaketi kwa hiari yangu.

Mama mkwe hakuja.


Jumatano, 1 Novemba

Tausi yuko nyumbani.

Kaletwa kwa miguu na mwanamke aliyekabidhiwa, anaitwa Bhoke, kutoka kijiji cha nyuma ya kilima. Mtendaji kaja naye na askari mmoja, lakini kamba ameishika yeye mwenyewe. Nyuma yake ndama jike, mwekundu, masikio makubwa. Tausi kanenepa. Nilikuwa nimejiandaa kuona mifupa.

Bhoke ni mjane pia. Aliibiwa wanne usiku ule, wote aliokuwa nao. Nilimkaribisha chai, akanywa haraka. Akaniambia Tausi hapendi kukamuliwa na mtu mwenye mikono ya baridi, kama vile mimi sijui. Niliudhika, halafu nikaona anavyomwangalia ndama, nikamwongezea chai.

Hakulalamika. Kauliza kama ni kweli mafahali wa Mwita wanashikiliwa na polisi kwa ajili yao walioibiwa, na wale wawili wa Kenya wanafuatiliwa. Ni kweli. Nimemwambia nitasimama mahakamani kumtolea ushahidi, nimtazame Mwita machoni. Kasema na yeye atakuja. Nimemsindikiza mpaka mtoni, tukaachana bila maneno mengi.

Furaha yangu ni kubwa. Imeingia mchanga kidogo, lakini ni kubwa.


Jumapili, 5 Novemba

Asubuhi tulivu. Nimekamua, ndama kapata haki yake kwanza.

Mama mkwe kaja mlangoni. Amevaa kitenge cha safari, kesho ni siku ya kuona mahabusu. Hajakanyaga jikoni kwangu tangu Agosti. Kasimama tu, mikono nyuma. Nikamwamkia, kaitikia. Hakuomba chochote, na mimi najua alichokuja kuomba, maana Mwita tangu mdogo hali ugali bila maziwa mgando.

Sijamsamehe Mwita. Nitatoa ushahidi, na akifungwa sitalia. Lakini alichoiba ni chake peke yake, na mama yake hajaiba kitu.

Kibuyu kilikuwa kwenye kona, maziwa yameganda vizuri, mazito. Hakuna aliyeniamuru. Nilichukua galoni dogo, nikalisuuza, nikamimina mpaka juu, nikakaza kifuniko, nikampa.